Mafunzo yako Dar, wewe uko Igombe: yakikataa, anzia wapi

Mwalimu wa Nansio au wa Igombe, huku mkoani Mwanza, anayealikwa kwenye warsha ya siku mbili Dar es Salaam ana zaidi ya kilomita 1,000 za barabara mbele yake, nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, na vipindi vinavyobaki bila mtu darasani. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limewaondolea walimu wa Sengerema na Buchosa adha ya kusubiri kivuko, lakini ukumbi wa warsha uko palepale. Kwa hiyo semina au kongamano linaporushwa mtandaoni, kwa wengi wetu huku Kanda ya Ziwa hiyo ndiyo nafasi yenyewe, hakuna nyingine nyuma yake. Inauma kuiona ikipotea kwa kitu ambacho kingerekebishwa ndani ya dakika tatu.

Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikiwasaidia walimu wenzangu kufuatilia mafunzo wakiwa vituoni kwao, wengine kwa simu zao, wengine kwa vishikwambi vile vilivyofanya kazi ya Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Karibu kila anayenipigia huanza na maneno yaleyale: "Mtandao mbovu." Mara nyingi mtandao unasingiziwa. Kabla sijashauri lolote huuliza maswali matatu.

Mwenzako aliye kwenye mafunzo hayohayo anawasikia? Kama hakuna anayesikia, tatizo liko kwa mtoa mada. Tulia, usiguse kitu. WhatsApp inapeleka ujumbe? Kama inapeleka na mafunzo hayafunguki, tunatazama bando na programu, siyo mnara. Na la tatu: hapo ulipo ni saa ngapi, na tangazo lao limeandika saa ngapi? Hili la tatu watu hulipuuza, nami ndilo ninaloanza nalo.

"Nimewahi, lakini hakuna mtu"

Sababu ya kwanza ni kwamba tunatembea na saa mbili kichwani. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Ratiba za mtandaoni zinaanza kuhesabu usiku wa manane. Kati yake kuna saa sita. Tangazo likisema 8:00 PM, jicho linaona nane, na ulimi unasema saa nane. Nakumbuka mchana mmoja tulivyokaa watu sita ofisini, saa nane kamili, madaftari mezani, tukitazama skrini inayosema mwenyeji hajaanzisha kikao. Kikao kilikuwa saa mbili usiku. Ilipofika saa mbili usiku kila mtu alikuwa kwake: wawili hawakuwa na bando, mmoja umeme ulikuwa umekatika mtaani kwake, mwingine alikuwa na mtoto mgonjwa. Waliofuatilia hadi mwisho ni wawili.

Kanuni ni ya sita: namba ikiwa chini ya sita, ongeza sita, ikizidi, toa sita. 10:00 AM ni saa nne asubuhi. 2:00 PM, au 14:00, ni saa nane mchana. 20:00, yaani 8:00 PM, ni saa mbili usiku. Unapopeleka tangazo kwenye kundi la shule, liandike kwa namna zote mbili kwenye mstari mmoja: "Alhamisi saa 2:00 usiku, yaani 20:00." Mstari huo mmoja umetuokolea vikao vingi.

Sababu ya pili ni saa za nchi nyingine. Sisi, Nairobi na Kampala tuko mbele ya GMT kwa saa tatu mwaka mzima. Kikao cha 14:00 GMT kwetu ni 17:00, saa kumi na moja jioni. Kigali, Lusaka na Johannesburg wako nyuma yetu kwa saa moja, hivyo saa nne yao ya asubuhi ni saa tano yetu. Hadi hapo ni rahisi. Ugumu unakuja kwa wanaosogeza saa zao. London ina saa za GMT wakati wa baridi tu. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanasogea mbele, na tofauti yetu nao inabaki saa mbili. Marekani wanasogea Jumapili ya pili ya Machi na kurudi Jumapili ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo New York tunaitangulia kwa saa saba au saa nane kutegemea mwezi. Kikao kinachotangazwa 1:00 PM ya New York, Oktoba kwetu ni saa mbili usiku. Katikati ya Novemba kikao hichohicho kinakuwa saa tatu usiku. Vikao vinavyofuatana kuanzia Siku ya Walimu Duniani, 5 Oktoba, hadi Novemba vinapita katikati ya mabadiliko yote mawili. Mwalimu anayefuatilia kila wiki anajikuta ameingia mapema saa nzima na hajui kosa lake ni lipi, kwa sababu hana kosa.

Simu inaweza kukufanyia hesabu hii. Ukijiandikisha na kubonyeza kiungo cha kuweka tukio kwenye kalenda, kalenda inageuza saa yenyewe, ilimradi simu yako imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Angalia kwenye mipangilio ya tarehe na saa. Simu zilizotumika nje ya nchi kabla ya kuuzwa huku huja na kanda ya saa ya huko zilikotoka, na mwenyewe ameshasogeza mishale kwa mkono ili saa ionekane sawa. Saa inaonekana sawa, kalenda inakosea.

Na usiku wa manane una mtego wake. "12:00 AM tarehe 6" ni usiku wa kuamkia tarehe 6, siyo usiku wa tarehe 6. Mwisho wa kujiandikisha ukiandikwa hivyo, dirisha linafungwa wakati wewe bado unasema "mpaka kesho usiku".

"Bando ninalo, ila inazunguka tu"

Soma ujumbe ulioletewa ulipojiunga, neno kwa neno. Kuna bando la mitandao ya kijamii linalofungua WhatsApp na Facebook na kukufungia mengine yote. Hapo utajibu salamu kwenye makundi siku nzima na mafunzo hayatafunguka. Kuna bando la usiku linaloanza saa sita usiku na kwisha alfajiri. Salio litasoma GB nyingi mchana, na hazitumiki. Walimu wawili niliowasaidia mwezi mmoja walikuwa wamenunua hilo la pili kwa sababu ya bei. Sikuwalaumu, bei yake inavutia. Lakini kwa kikao cha saa tisa alasiri ni fedha iliyopotea.

Kama bando ni la kawaida, hesabu kama linatosha. Makadirio yanayotolewa na Zoom, programu ya vikao vya mtandaoni, ni kwamba sauti peke yake inahitaji kilobiti 60 hadi 80 kwa sekunde, na video ya kikundi yenye ubora mzuri inahitaji kilobiti 600 hadi megabiti 1. Biti nane ni baiti moja. Kwa hiyo sauti peke yake, kwa kiwango cha juu, ni MB 36 kwa saa. Video ni kati ya MB 270 na MB 450 kwa saa, na hapo ni kupokea tu; ukiwasha kamera yako unalipia pia kupeleka. Bando la MB 500 linaweza kukwisha saa ya pili haijaisha. Sauti peke yake, bando hilohilo lingekufikisha jioni.

Hii ndiyo sababu nawaambia walimu wasione haya kuzima video. Zima kamera yako, kisha tafuta kwenye orodha ya mambo mengine ndani ya Zoom chaguo la kuzuia video zinazoingia. Utabaki na sauti pamoja na slaidi zinazoonyeshwa, na slaidi hazili data kama sura za watu. Kama mafunzo yanarushwa YouTube, gusa alama ya gurudumu la meno na ushushe ubora hadi namba ndogo inayokuruhusu kusoma maandishi. Uso wa mtoa mada hautakufundisha kitu ambacho sauti yake haijakufundisha.

Bado MB zinakwisha haraka? Simu ina walaji wengine. WhatsApp inashusha yenyewe picha na video za makundi. Izuie kwenye mipangilio yake, sehemu ya hifadhi na data. Duka la programu linasasisha programu kumi kwa mpigo dakika uliyowasha data. Liambie lisubiri Wi-Fi. Google Photos inapandisha picha za harusi ya wiki iliyopita. Vitu hivi vitatu ndivyo ninavyovikuta kwenye karibu kila simu. Usipime kasi ya mtandao mara tano kabla ya kikao, maana kipimo chenyewe kinakula bando.

Programu ikikataa kabisa kufunguka na kudai isasishwe, tii. Zoom haikubali matoleo ya zamani sana. Nafasi ikiwa imejaa hutaweza kusasisha, na kinachojaza nafasi kwenye simu za walimu ni video za makundi. Fanya hilo siku moja kabla, siyo dakika tano kabla.

"Nawaona, lakini hawana sauti"

Mazungumzo haya nimeyafanya mara nyingi hata nayajua kwa moyo:

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Mwalimu. Umeingia?"

"Nimeingia, nawaona kabisa, ila wanachezesha midomo tu."

"Tazama pembeni ya skrini, chini kushoto. Kuna nini?"

"Kuna kialama cha hedifoni."

"Kibonyeze. Itakuuliza kama uunganishwe kwa Wi-Fi au data. Kubali."

"Eeh! Wanaongea!"

Kwenye simu, Zoom inaweza kukuingiza kikaoni bila kukuunganisha na sauti mpaka ukubali mwenyewe. Ile alama ya hedifoni maana yake bado hujaunganishwa. Ukishaunganishwa inageuka kuwa maiki. Kama umeunganishwa na bado kimya, pandisha sauti kwa kitufe cha pembeni kikao kikiwa wazi, kwa kuwa sauti ya mlio wa simu ni nyingine na inapandishwa peke yake. Kisha zima Bluetooth. Simu inayokumbuka spika ya sebuleni itapeleka sauti yote huko, wewe uko chumbani unahangaika na watoto wanamsikiliza mtoa mada.

Kinyume chake, wewe unawasikia na wao hawakusikii: tazama kama programu imepewa ruhusa ya kutumia maiki, na kama ni kikao cha wasikilizaji ambacho maiki ya mshiriki haifunguliwi mpaka mwenyeji aruhusu. Kwenye vikao vya aina hiyo maswali huandikwa. Andika swali lako mapema, kwa ufupi, ukitaja unafundisha darasa gani. Swali lenye darasa ndani yake hujibiwa vizuri zaidi.

Mwangwi unaojirudia chumbani unatokana na vifaa viwili vilivyo wazi mahali pamoja. Acha kimoja kiseme na kisikie. Vingine vifungwe maiki na spika, vyote viwili.

"Inakatika, inarudi, inakatika"

Hapa sasa mtandao wenyewe una sehemu yake, na ardhi yetu pia. Mwanza ni mji wa miamba. Nyumba iliyojibanza chini ya mawe Mabatini au nyuma ya kilima Kirumba inaweza kuwa karibu na mnara kwa hatua na bado ikawa kivulini mwake, kwa sababu mawimbi ya simu hayapenyi jabali. Bati nalo linarudisha mawimbi. Mwalimu mmoja alikuwa akikatika kila jioni. Chumba chake kilikuwa na bati juu na kabati la chuma ukutani, upande uleule wa mnara. Aliposogeza kiti mpaka dirisha la upande wa pili, akaweka simu juu ya kizingiti cha dirisha na kuvuta hedifoni yenye waya mpaka kitini, kikao cha saa mbili kilipita bila kukatika.

Kando ya ziwa na kwenye visiwa vyake kuna jambo lingine. Juu ya maji hakuna kinachozuia mawimbi, kwa hiyo simu inaweza kunasa mnara ulio ng'ambo ya ghuba na kuonyesha vijiti vingi. Vijiti vinakuonyesha unavyousikia mnara. Havikuonyeshi mnara unavyokusikia wewe. Mnara una nguvu kubwa, simu yako ina ndogo. Dalili yake ni hii: sauti yao inakuja safi, yako inafika vipandevipande, na maswali unayoandika yanakaa na alama ya kusubiri. Ukiona hivyo, hamia upande wa nchi kavu wa nyumba, au jaribu laini ya kampuni nyingine ambayo mnara wake uko karibu. Visiwani wengi wana laini mbili kwa sababu hiyohiyo.

Lakini laini mbili zina gharama ambayo watu hawaijui. Simu nyingi za laini mbili, ukipigiwa kwenye laini ya pili, husimamisha data ya laini ya kwanza mpaka mazungumzo yaishe. Hata kwa laini moja, kama simu au laini yako haipigi kupitia 4G, simu ikiingia inashushwa kwenye 3G au 2G, na ikifika 2G kikao kinakufa. Kwa hiyo "mtandao unakatika kila baada ya robo saa" wakati mwingine maana yake ni kwamba mzazi wa mwanafunzi anapiga kila baada ya robo saa. Kunyamazisha mlio hakusaidii, kwa kuwa simu inaingia vilevile. Zima laini ya pili kwenye mipangilio kwa muda wa kikao. Njia bora zaidi, kama una simu ya ziada: iweke dirishani ikiwa na bando na iwashe hotspoti, kisha simu ya mafunzo iweke kwenye hali ya ndege na uwashe Wi-Fi. Hakuna atakayekupigia, na simu iliyo dirishani inashika mnara kuliko iliyo mkononi mwako katikati ya chumba. Wajulishe nyumbani na mwalimu wa zamu kwamba hupatikani hadi saa fulani.

Umeme ukikatika, kompyuta mpakato itaendelea kwa betri lakini kisambaza Wi-Fi cha shule kitazima palepale, na watu watasema mtandao umekata. Hamia hotspoti ya simu. Minara ina betri zake pia, na umeme ukikosekana saa nyingi mnara wenyewe unaweza kunyamaza; hapo ni kusubiri marudio.

Kama kila kitu kinakufa kwa wote, dakika ya 40 kamili, mwenyeji anatumia akaunti ya bure ya Zoom. Bonyeza kiungo kilekile tena au subiri kipya kwenye kundi. Hili linatokea sana kwenye vikao tunavyoandaa wenyewe ngazi ya kata, na inafaa kupanga mada ya dakika 35 badala ya kukatwa mdomoni.

"Inasema ukurasa huu si salama"

Kompyuta ya mezani iliyokaa stoo likizo nzima. Intaneti ipo, taa zinawaka, lakini kila ukurasa unakataa na onyo jekundu. Tazama pembe ya chini kulia: tarehe inasoma miaka mingi nyuma. Tovuti salama zina vyeti vya kidijitali vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini iko miaka kumi nyuma inaviona vyeti hivyo kuwa bado havijaanza. Rekebisha tarehe, kila kitu kinafunguka. Ikirudi nyuma tena ukizima, fungua boksi: kwenye ubao wake mkuu kuna betri ya duara, bapa kama sarafu, imeandikwa CR2032. Imekufa. Zinauzwa kwa mafundi wa saa na maduka ya vifaa vya umeme, na kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili, umeme ukiwa umechomolewa.

"Nilikuwepo mpaka mwisho, cheti hakijaja"

Fungua orodha ya washiriki utazame umeingia kwa jina gani. Anayetoa vyeti anasoma ripoti yenye jina, barua pepe, saa ya kuingia na saa ya kutoka. Ukiingia kwa jina la simu, "Galaxy" au "Infinix", kwa ripoti hiyo hukuwepo. Badilisha jina lisome majina yako kama yalivyo kwenye fomu ya kujiandikisha, na jina la shule kama wameomba.

Kosa la pili ni ukarimu. Umejiandikisha, umeletewa kiungo chako kwa barua pepe, ukakitupa kwenye kundi la shule ili wenzako nao wanufaike. Kiungo cha namna hiyo mara nyingi kimefungwa kwa jina lako. Wenzako wakikitumia wanaandikwa kwa jina lako, au wewe unatolewa mwingine anapoingia. Wape kiungo cha kujiandikisha, kila mtu apate chake. Na kama mmekaa watano mbele ya skrini moja, ripoti imeona mmoja. Pitisheni karatasi ya mahudhurio, ipigwe picha, itumwe kwa waandaaji siku hiyohiyo pamoja na maelezo mafupi. Ukisubiri wiki mbili, utaomba kwa mtu ambaye ameshafunga faili.

"Sikuelewa walichokuwa wanasema"

Mvua ikianza kupiga bati hakuna spika itakayoshinda. Tumia hedifoni na uwashe maandishi yanayofuata sauti, kama yapo; yanasaidia pia pale mtoa mada anapozungumza Kiingereza cha haraka chenye lafudhi usiyoizoea. Omba slaidi mapema, uzisome kabla, na maneno mageni uyatafutie maana siku iliyotangulia.

Kwa vikao vya usiku karibu na maji kuna wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda kama moshi na kuvamia penye mwanga. Wakiingia wanajaa kwenye skrini, kwenye kikombe, hata mdomoni ukiongea. Washa taa ya nje, zima ya ndani, funga dirisha, punguza mwanga wa simu. Watafuata taa ya nje.

"Nilisikia kila kitu, na Jumatatu nikafundisha vilevile"

Hii ndiyo hitilafu ninayoihangaikia kuliko zote, na haina kitufe. Simu ilifanya kazi, bando lilitosha, cheti kimekuja, darasani hakuna kilichobadilika. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa Marekani, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mwalimu akielezwa na kuonyeshwa mbinu mpya, ni nadra kuiingiza darasani mpaka awe na wenzake wanaomfuatilia na kumsaidia anapoijaribu. Aliyeko ukumbini Dar angalau ana jirani wa kuongea naye wakati wa chai. Anayefuatilia peke yake chumbani, kikao kikifungwa, kimefungwa.

Sababu ninayoikuta mara nyingi ni kufuatilia huku unasahihisha madaftari. Nyingine ni kuandika kila neno. Na nyingine ni kukosa mtu wa kumwambia.

Tiba tunayo, ila tunaitumia kwa kujaza fomu. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, imejengwa juu ya Jumuiya za Ujifunzaji shuleni. Fuatilieni kama jumuiya: skrini moja, spika moja, watu watano au saba, bando la kuchanga. Shule ikiwa haina kifaa, ulizeni Kituo cha Walimu kilicho karibu kama kina kompyuta na intaneti. Kabla ya kuanza, kila mmoja aseme somo lipi analo wiki ijayo na linamsumbua wapi. Wakati wa kikao, kila mmoja aandike jambo moja tu atakalolijaribu, kwenye andalio la somo lenyewe na siyo kwenye daftari la semina. Baada ya kikao msiondoke. Dakika kumi zinatosha kila mmoja kulisoma jambo lake kwa sauti.

Mwenzetu mmoja anayefundisha Darasa la Tatu alibahatika kupata dakika ishirini tu za kikao kimoja kabla umeme haujakatika. Katika dakika hizo mtoa mada alieleza kazi ya Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliyeonyesha kwenye miaka ya 1970 kwamba walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulirudia au kumtaja mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi huwa marefu na wanaojitokeza huongezeka. Mwalimu huyu aliandika kwenye andalio lake: "Hesabu tatu." Jumatatu aliuliza swali la hesabu, akashusha mkono ubavuni na kukunja vidole polepole, kimoja, cha pili, cha tatu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, kwenye dawati la mwisho, na nilikuwa naviona vidole vile. Kwenye cha kwanza mikono iliyonyooka ilikuwa ileile ya siku zote, mitatu ya mbele. Kwenye cha tatu ilikuwa tisa. Mmoja wao alikuwa mtoto wa kiti cha dirishani ambaye tangu muhula uanze sikuwahi kumsikia akijibu, na jibu lake halikuwa sahihi, ila alilieleza mpaka mwisho.

Wiki hiyo kwenye jumuiya tuligawana nani akae nyuma ya darasa la nani, na tukakubaliana kuhesabu mikono.